Breki za van ya zamani: ripea kit, ex-Japan ama mpya ya duka? Tulinganishe

Kama uko na shark (ile Toyota HiAce ya zamani) ama Nissan Caravan ya kitambo na kazi yako ni watu ama mzigo huku kati ya Nakuru na Kisumu, hii swali itakufikia tu. Pedali imeanza madharau, fundi amefungua boneti, ameangalia mara moja, ameshasema "mdosi hii ni masta imeisha," yaani ile silinda kuu ya breki inayosukumwa na pedali, na sasa unaambiwa utoe pesa, na njia za kutoa pesa ni tatu: ununue ripea kit mbadilishe raba za ndani, utafute ya ex-Japan (mtumba iliyotolewa kwa gari ya Japani), ama uingie dukani uchukue mpya kwa boksi. Kila mtu kwa steji ako na jibu lake na wote wanaongea kwa sauti.

Wacha niseme msimamo wangu mapema. Chuma ya mtumba sina shida nayo, raba ya mtumba sitaki kuiona kwa breki. Hii ni hesabu ya miaka tu. Toyota walitoa hii HiAce tunaita shark 1989, na 2004 Japani wakabadilisha wakaleta ile ya box ambayo wengi hapa huita 7L, kwa hivyo shark ya Japani unayoona barabarani saa hii, hata kama imepigwa rangi jana, ishapita miaka 20, na kaliper (ile inabana pedi kwa diski) ya ex-Japan unayouziwa imetoka kwa gari rika moja na yako. Chuma ikikaa miaka hiyo yote bila kutu bado ni chuma. Raba ikikaa hivyo imekauka, inapasuka, na haikwambii mpaka siku uko na watu kumi na nne unashuka Sachangwan.

Lakini hata kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, hakikisha unajua ni nini imekufa, ju pesa nyingi sana inapotea kwa kubadilisha masta ambayo haikuwa na shida.

Pedali yenyewe inakwambia

Weka hizi pedali mbili kando kando: ile inazama na ile iko laini. Watu huziita kitu kimoja na si kitu kimoja. Inayozama ni hii, umesimama kwa taa pale Nakuru tao, mguu umekanyaga kawaida bila kuongeza nguvu, na pedali inaenda chini polepole yenyewe mpaka karibu iguse sakafu. Ukiangalia mafuta ya breki kwa kikopo na hayajapungua, hapo ndio masta, raba za ndani zinapitisha mafuta kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kama mafuta yanapungua, usikimbilie masta, kuna mahali yanamwagika: silinda za nyuma ndani ya dramu, paipu, kaliper, ama nyuma ya masta yenyewe pale inapokutana na busta, ile inayoongezea mguu wako nguvu. Hii ya mwisho ni mjanja kwa sababu hutaona tone chini ya gari hata moja, mafuta yanaingia ndani ya busta. Legeza nati mbili za masta, ivute mbele kidogo, pitisha kidole pale nyuma. Pakiwa pamelowa, umepata mwizi.

Ile laini nayo inakanyagika kama sponji lakini haizami ukiishikilia. Hiyo ni hewa ndani, ama paipu ya raba iliyochoka inafura kila ukikanyaga. Na kuna laini ya aina nyingine ambayo watu wa hizi barabara zetu wanafaa kuijua kuliko mtu yeyote: asubuhi pedali iko poa kabisa, umeteremka mlima mrefu na mzigo ikageuka laini, umepaki nusu saa ikarudi kuwa poa. Fundi akija haoni kitu. Hiyo ni mafuta ya zamani yaliyojaa maji, yamechemka, yakatoa mvuke, na mvuke unabanwa ukikanyaga badala ya kusukuma pedi. Hapo huhitaji spea hata moja, unahitaji mafuta mapya.

Halafu kuna ile pedali ndefu: ya kwanza inaenda chini sana, unapampu haraka mara mbili inapanda juu na inashika. Kwa van za dramu nyuma mara nyingi hiyo ni adjasta za lining (ile sehemu inayosugua dramu) zimeganda, lining zimekaa mbali na dramu, kwa hivyo silinda lazima zisafiri mbali kabla ziguse. Ushahidi ni hendibreki, ukiivuta inalia tik tik tik mpaka juu kabisa. Adjasta inazungushwa na bisbisi, pesa ni ya fundi tu. Nishaona mtu akiuziwa masta kwa sababu ya hii, na fundi akaadjasti dramu wakati ule ule alikuwa anafunga masta, gari ikapona, na masta ikasifiwa.

Pedali ngumu kama umekanyaga ukuta ni mambo ya busta na vakyum (ule mvuto wa hewa unaoiendesha), hiyo nitaifikia. Kutetemeka: kama stering inatetemeka ni diski za mbele, kama ni kiti na pedali tu na stering imetulia, angalia dramu za nyuma. Gari kuvuta upande mmoja, pima upepo wa tairi kwanza kabla ya kusumbua mtu.

Masta: hapa ndio ubishi uko

Ripea kit ndio rahisi kwa mfuko kuliko zote na watu huidharau bure. Inafanya kazi vizuri kabisa kwa sharti moja, ndani ya silinda iwe laini. Toa pistoni, pangusa na kitambaa safi, mulika na tochi, pitisha ukucha. Ukisikia ukucha unakwama mahali, ama unaona vitobo vyeusi vya kutu, kit hapo ni kuchoma pesa, raba mpya itakatwa na hizo kona na baada ya muda mfupi pedali itaanza kuzama tena. Kuna mafundi watakwambia tupige msasa tu ndani tulainishe. Masta nyingi ni za aluminiamu na ukuta wa ndani umewekwa ngozi ngumu kiwandani, ukiisugua umeitoa, na umeongeza upana wa shimo, kwa hivyo hata raba mpya haitakaza vile inafaa. Mimi nakataa.

Ex-Japan ya masta iko katikati kwa bei na kwa akili. Uzuri wake ni kwamba ni ile ile ilikuja na gari, mashimo ya boliti yanaingia, paipu zinaingia bila kulazimisha. Ubaya ni kwamba imekaa kwa rafu bila mafuta ndani, na unyevu umeingia, na raba zimekauka. Kwa hivyo ukinunua ex-Japan, nunua pamoja na kit, ifungue pale pale kaunta na tochi, na kama muuzaji hataki uifungue basi ametoa jibu. Body ya ex-Japan iliyo laini ndani pamoja na raba mpya, kwangu mimi hiyo inashinda mpya ya bei rahisi siku yoyote.

Mpya ya duka iko makundi mawili na si sawa hata kidogo. Kuna jenuini na zile za kampuni ambazo zimejenga jina kwa breki, na kuna zile za boksi lisilo na jina ama lenye jina linalofanana na jina la mtu mwingine. Ya kwanza, kama uko na pesa, chukua uende, mjadala umeisha. Ya pili shida yake kubwa ni saizi. Kwa body ya masta kwa kawaida kumepigwa namba ya upana wa shimo kwa inchi, kama 15/16 ama 1, na hiyo namba lazima ilingane na ya zamani. Ukiwekewa kubwa zaidi, pedali inakuwa fupi na ngumu na unatumia nguvu nyingi kusimamisha gari ile ile. Ukiwekewa ndogo, pedali inakuwa laini na ndefu na utadhani kuna hewa, mtablidi (kutoa hewa kwa breki) mpaka jioni. Kwa hivyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi, usiende na jina la gari peke yake, HiAce ni nyingi.

Halafu jambo moja ambalo huua masta nzima: kublidi kwa kupampu pedali mpaka sakafuni. Kwa gari ya zamani, raba zimekuwa zikitembea sehemu moja tu ya silinda miaka yote, ile sehemu ya mwisho haiguswi na ndio ina kutu na uchafu. Siku mnablidi makanga anakanyaga mpaka chini kwa nguvu zake zote, raba zinapita pale kwa kutu zinachanika, na gari iliyokuja na shida ya pedi inaondoka na shida ya masta. Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Mafundi wengine watacheka, wacha wacheke.

Nyuma: lining za kubandikwa ama shuu mpya

Huku jua kali kuna watu wanajua sana kurudishia lining kwa shuu (vile vyuma vinavyobeba lining) za zamani, Nakuru utawapata na Kisumu utawapata, na kwa lori hiyo ni kazi ya kawaida ya kila siku. Kwa van kuna aina mbili, ya kupigwa riveti na ya gundi. Riveti ikifanywa vizuri inashika, lakini ikiisha bila wewe kujua, vichwa vya riveti vinaanza kuchora dramu, na dramu ni ghali kuliko lining. Ya gundi haichori dramu, lakini gundi ikiwa mbaya ama haikupikwa vizuri, lining yote inabanduka kwa joto, na ikibanduka inaweza kujikunja ndani ya dramu ikafunga tairi. Hiyo ndio sababu kwa gundi nanunua tu shuu zilizotoka kiwandani, siwezi chukua ya kubandikwa kando ya barabara. Ya riveti kwa fundi unayemjua, na lining yenye jina, sawa.

Shuu za ex-Japan? Hapana. Kitu cha kusuguana kilichotumika hujui kililoweshwa na nini.

Na hapo kwa kuloweshwa: ukitoa dramu ukapata lining zimelowa, nusa kabla ya kununua. Mafuta ya difu (gia za ekseli ya nyuma) ni mazito na yana harufu kali, hayo yanatoka kwa sili ya ekseli, na usipobadilisha sili utanunua lining kila mwezi. Mafuta ya breki ni mepesi na yanakula rangi, hayo ni ya silinda ya gurudumu. Silinda ya gurudumu sibishani na mtu, nunua mpya, zote mbili kushoto na kulia, tofauti ya bei kati yake na kit haitoshi kulipia kazi ya kufungua dramu mara ya pili.

Dramu yenyewe imeandikwa kipimo cha mwisho cha upana, na diski imeandikwa unene wa mwisho, MAX kwa dramu na MIN kwa diski, tafuta hiyo namba hata kama lazima usugue kutu. Hiyo namba ndio inaamua kama utaskimu (kuchonga uso uwe sawa) ama utabadilisha, si fundi na si wewe.

Mbele: diski, pedi na kaliper

Kuskimu diski kwa mashini ya leth ni rahisi kuliko kununua, na kama diski ni nene bado ni uamuzi mzuri, kutetemeka kunaisha. Lakini diski iliyoskimiwa ni nyembamba, na nyembamba inashika joto haraka, na joto ndio lilikupinda diski mwanzo. Kwa hivyo kama gari inazunguka tu Kondele, Kibuye, Nyalenda, skimu. Kama kila siku uko mlima wa Timboroa na kurudi, diski iliyokaribia kipimo cha mwisho itapinda tena na utakuwa umelipa mara mbili. Diski ya ex-Japan hapo ni chaguo zuri mradi uende na venia upime mwenyewe, kuna za karibu mpya na kuna zile Wajapani walitupa kwa sababu nzuri.

Pedi, nunua mpya, na chagua kwa barabara, usichague kwa bei. Zile zenye unga wa chuma ndani zinavumilia joto zaidi, zinapiga kelele kidogo asubuhi na zinakula diski kidogo, na kwa mtu wa milima mimi nasema vumilia hiyo kelele. Zile laini za oganiki ni kimya na diski inadumu, lakini zikipata joto sana zinateleza: pedali iko juu, iko ngumu kawaida, harufu ya kuungua imejaa ndani ya gari, na gari haisimami. Linganisha hiyo na ile ya mafuta kuchemka nimesema pale juu, pale pedali inapotea, hapa pedali ipo na breki haipo, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Kaliper iliyokwama, kuna jaribio moja tu linalokusaidia usinunue bure. Piga jeki, zungusha tairi, imeshika. Sasa legeza nati ya kublidi ya hiyo kaliper. Kama mafuta yanaruka na tairi inaachilia, kaliper yako haina shida kubwa, kuna presha imefungiwa, na mara nyingi ni paipu ya raba imefura ndani, inaruhusu mafuta kwenda lakini hairuhusu kurudi. Kama umelegeza na tairi bado imeshika, basi ni pistoni imeganda kwa kutu ama zile pini za kuteleza zimekauka. Pini unasafisha na kupaka grisi inayovumilia joto. Pistoni ikiwa na vitobo kwa ile ngozi inayong'aa, hapo kaliper ya ex-Japan na raba mpya ndani ndio mpango, ni ile ile kanuni ya masta.

Paipu za raba ni mpya. Siongezi kitu. Isipokuwa hii, ukiona fundi anabana paipu ya raba na vaisgripu ndio mafuta yasimwagike, mwambie aachilie, anaivunja ndani na nje haitaonekana. Na ukiona fundi anataka "kublock" gurudumu moja, akunje paipu ya chuma ama atie kitu ndani ndio gari ifike, linganisha mwenyewe: van yenye breki tatu na mzigo, ukikanyaga kwa nguvu inageuka upande. Afadhali breakdown ikubebe.

Busta, na kwa nini dizeli ni habari nyingine

Pedali ngumu, fanya hivi kabla ya kuuliza bei. Injini imezimwa, pampu pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia mguu hapo, washa injini. Pedali inafaa kushuka kidogo yenyewe chini ya mguu wako. Haikushuka, ama busta imekufa ama vakyum haifiki. Toa paipu ya vakyum kwa busta injini ikiwaka, weka kidole gumba. Kikivutwa kwa nguvu, vakyum iko na shida ni busta. Kisipovutwa, busta yako haina makosa.

Injini za dizeli kama 3L, 5L na zile za Nissan haziwezi kutegemea vakyum ya manifoldi kama petroli, zina pampu yake, na kwa hizo Toyota imefungwa nyuma ya altaneta na inalainishwa na oili ya injini. Unaona shida inatoka wapi. Altaneta imeungua, mtu ameenda akanunua altaneta rahisi, pampu ya zamani imehamishwa bila sili mpya, ama paipu ya oili imebanwa vibaya, na mwezi mmoja baadaye mtu anauziwa busta. Kwa hivyo ukilinganisha busta na pampu, uliza kwanza altaneta ilibadilishwa lini.

Busta yenyewe mimi nachukua ex-Japan, na najua nimesema raba ya mtumba sitaki, hii ndio mahali kanuni yangu inavunjika kidogo, ju busta mpya jenuini ya shark ni ghali na si kila duka litakuwa nayo, na ile ya kurudishiwa mtaani inategemea fundi alipata wapi ile ngozi ya ndani. Lakini ipime, mwambie muuzaji akubali kurudisha isiposhika vakyum, na hakikisha ile fimbo ya kusukuma masta ni urefu sawa na ya zamani. Fimbo ikizidi hata kidogo, breki zitakuwa zinashika zenyewe kila gari ikipata joto, na utaanza kulaumu kaliper ambazo hazina hatia.

Busta inafanya kazi kwa tofauti ya hewa ya nje na vakyum ya ndani, na hewa ya nje inapungua ukipanda. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Timboroa imepita mita 2,700. Kwa hivyo busta iliyochoka inaweza kukubeba vizuri kabisa Kisumu, halafu ukaona pedali imekuwa ngumu kule juu, pahali ambapo unaanza kuteremka. Si ushirikina. Na wale wa kutia fri na kuzima injini ndio waokoe dizeli, injini ikizima pampu ya vakyum imezima, ile akiba ya busta ni ya kukanyaga mara mbili tatu hivi, baada ya hapo ni nguvu za mguu wako na mzigo wote nyuma. Teremka na gia ya chini, injini iwake, breki zipumzike.

Mafuta: DOT 3 ama DOT 4

Hii ni rahisi na ndio inasahaulika kuliko zote. DOT 3 mpya kiwango chake ni isichemke chini ya nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230. Zikishanyonya maji, DOT 3 inashuka mpaka 140 na DOT 4 155. Angalia hiyo tofauti vizuri: DOT 4 ya zamani ni mbaya kuliko DOT 3 mpya, kwa mbali. Kwa hivyo mtu anayebadilisha DOT 3 kila mwaka amemshinda yule anajisifu ako na DOT 4 aliyoweka wakati wa rais aliyepita. Kwa milima chukua DOT 4 na uibadilishe kila mwaka ama isizidi miaka miwili. Hizi mbili zinachanganyika bila shida. DOT 5 ndio usiguse, hiyo ni silikoni na haichanganyiki na hizi, ingawa 5.1 ni jamii moja na 4. Nunua kikopo kidogo kilichofungwa, kile kilichobaki nusu kwa gereji tangu Krismasi kimeshakunywa unyevu.

Na mtu asikuwekee oili ya injini ama ya stering "kwa muda tu." Raba za breki zinafura zikiguswa na oili kama hizo, na ikishaingia si masta tu, ni kila raba kwa gari nzima inatoka. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki kwa gari, ukipata ile raba ya ndani imefura hairudi mahali pake, ushajua mwenye gari wa kwanza alifanya nini.

Ile valvu ya nyuma

Karibu na difu kuna valvu imeunganishwa na fimbo ama springi, inapima mzigo na kuamua breki za nyuma zipate presha kiasi gani. Ikikwama mafundi wengi wanapendekeza kuiruka, paipu iende moja kwa moja. Bila valvu, gari ikiwa tupu na barabara imelowa, nyuma inafunga kwanza na gari inageuka, mvua za hapa Kericho unazijua. Ikikwama upande ule mwingine, nyuma hazipati presha, mbele zinafanya kazi yote na pedi zinaisha upesi upesi. Kuisafisha na kulegeza fimbo yake mara nyingi inatosha, na ikikataa, ya ex-Japan zipo na bei yake si ya kuogopesha. Ukiongeza liifu za springi ndio ubebe viazi vya Molo, jua umeidanganya hiyo valvu, gari imeinuka na yenyewe inadhani huna mzigo, kwa hivyo fimbo lazima iadjastiwe upya.

Kama pesa ni ya awamu moja

Van ya kusambaza mkate ama soda mjini Kisumu, chini huko ni tambarare mpaka Ahero, ningesema hivi: mafuta mapya, adjasti nyuma, skimu diski, masta ya kit kama ndani ni laini. Umefunga kazi kwa pesa kidogo na si aibu. Ila kama unapanda Riat kwenda Kakamega, ukirudi ile slop ya kuingia Mamboleo inahesabika kama mlima, usijidanganye na mandhari ya ziwa.

Van ya Nakuru kwenda Eldoret ama kupitia Mau Summit kuingia Kericho, badilisha mpangilio. Paipu za raba zote mpya kwanza, DOT 4, pedi za unga wa chuma, shuu za kiwandani, na hiyo yote kabla ya kufikiria masta isipokuwa inazama. Ukibakisha pesa ndio uanze kutafuta diski nene za ex-Japan. Ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) utapima breki kwa rola zikionyesha kushoto na kulia, omba kuona hizo namba hata kama umepita, tofauti kubwa ya pande mbili za ekseli moja inakwambia kaliper gani inaanza kuchoka kabla haijaanza kuvuta.

Kublidi anza gurudumu la mbali na masta, nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, na kama valvu ya nyuma ina nati yake ya kublidi usiiruke. Ukimaliza, jaribu gari tupu kwa spidi ya chini mahali pasipo na watu, halafu na mzigo mahali tambarare, na uguse rimu zote nne kwa mgongo wa mkono baada ya kilomita chache. Ikiwa moja ni moto kuliko ya upande wa pili, rudi kwa fundi hiyo hiyo siku, kabla hujamlipa salio.